Midomo Mbele, Sauti Nyuma

Kwa nini kanda ya harusi iliyo sawa kwenye deki ya zamani huharibika ikishahamishiwa kwenye DVD, shekhe akawa ameshafunga mdomo na maneno ya nikahi bado yanasikika? Swali hili ni la kila siku katika studio ndogo za video za Likoni, Kisauni na Changamwe, na huulizwa zaidi na wale waliojaribu kazi hiyo wenyewe nyumbani. Wengi huilaumu diski. Mara nyingi diski haina kosa: hitilafu iliingia kompyuta ilipokuwa ikipokea picha na sauti, na diski ikabeba ilichopewa.

Hesabu mbili zisizojuana

Picha ya video ni safu ya picha tulivu zinazopita haraka mbele ya macho. Kila moja huitwa fremu. Kenya, kama Tanzania, Uingereza na Oman, ilifuata mfumo wa televisheni uitwao PAL, wenye fremu 25 kwa sekunde. Sauti ya kidijitali nayo ni vipimo vya mawimbi vinavyochukuliwa mfululizo, na kipimo kimoja huitwa sampuli. Sauti ya DVD kwa kawaida huwa na sampuli 48,000 kwa sekunde. Kanda moja ya VHS aina ya E-180, yaani ya dakika 180, ikinaswa yote, yaani ikirekodiwa kwenye kompyuta, huzaa fremu 270,000 na sampuli zaidi ya milioni 518 kwa kila chaneli ya sauti.

Kwenye kanda, picha na sauti zimelala juu ya utepe mmoja wa plastiki. Deki ikizembea, zote huzembea pamoja, na mtazamaji haoni tofauti. Kompyuta huzitenganisha. Fremu huhesabiwa upande mmoja, sampuli upande wa pili, na mara nyingi kila upande una saa yake ya ndani. Ni kama watu wawili wanaoshuka feri ya Likoni na kuelekea Mtongwe kwa miguu, mmoja akiwa na hatua ndefu kidogo: penye kituo cha matatu bado wako bega kwa bega, lakini hawatafika Mtongwe pamoja.

Sikio na jicho havihitaji kosa kubwa ili vigundue. ITU, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia viwango vya mawasiliano, lilieleza katika pendekezo lake la 1998 kwamba mtazamaji huanza kuhisi kasoro sauti ikitangulia kwa takriban milisekunde 45 au ikichelewa kwa takriban 125. Milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde, na fremu moja ya PAL hudumu milisekunde 40. Sikio husamehe zaidi sauti iliyochelewa kwa sababu limezoea hivyo. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, hivyo aliyeketi mita 20 kutoka kwa mwimbaji wa taarab humsikia kama milisekunde 60 baada ya kumwona. Sauti inayotangulia mdomo haipo katika maumbile, na ndiyo maana humkera mtu upesi.

Kabla ya kuishuku diski

Baadhi ya DVD zinazorudishwa studio hazina tatizo lolote. Televisheni bapa huichakata picha kabla ya kuionyesha, na kazi hiyo huchukua muda. Deki ya DVD ikiunganishwa na televisheni kwa waya wa picha, huku sauti ikienda moja kwa moja kwenye wufa, sauti hufika kwanza na picha hufuata. Spika ya Bluetooth hukosea kinyume chake, kwa kuwa huchelewesha sauti, mara nyingi kwa zaidi ya milisekunde 100.

Jaribio ni rahisi. Diski nyingine inayojulikana kuwa nzima huchezwa kwenye vyombo vilevile. Nayo ikionyesha kasoro ileile, kosa ni la nyaya au la mipangilio ya televisheni. Wufa ichukue sauti kutoka kwenye televisheni badala ya deki, au televisheni iwekwe kwenye hali ya michezo ya video (Game Mode), ambayo hupunguza uchakataji wa picha. Hakuna haja ya kuchoma chochote upya.

Aina tatu za pengo

Diski ikishathibitika kuwa na kosa, pengo kati ya sauti na picha hupimwa mahali patatu: mwanzoni, katikati na mwishoni. Fundi asiyepima hapo hubahatisha, na tiba ya aina moja huizidisha nyingine.

- Pengo lisilobadilika: sauti imechelewa au imetangulia kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho.
- Pengo linalokua: mwanzoni mambo ni sawa, katikati pana walakini, mwishoni ni vichekesho.
- Pengo la kuruka: kila kitu ni sawa hadi mahali fulani, kisha sauti huhama ghafla na kubaki huko.

Kupima kunahitaji alama, yaani tukio ambalo huonekana na kusikika kwa mpigo mmoja. Sherehe za pwani zina alama tele. Mkono unaotua juu ya ngoma ya chakacha ni alama bora, na matari ya maulidi pia. Vigelegele havifai hata kidogo: huanza nyuma ya kiganja kilichofunika mdomo, na hakuna awezaye kusema ni fremu ipi hasa vilipoanzia. Mdomo wa msemaji nao hutumika pale tu anapotamka herufi kama p, b au m, ambazo hufunga midomo kabisa.

Programu ya bure ya VLC husaidia kupima. Video ikiwa inacheza, kitufe cha K huichelewesha sauti kwa milisekunde 50 na J huiwahisha kwa kiasi hichohicho. Fundi hubonyeza hadi ngoma na mkono vikutane, kisha huandika namba iliyoonekana kwenye skrini. VLC haibadilishi faili lenyewe, kwa hiyo namba hiyo ni kipimo tu.

Pengo lisilobadilika

Hili ndilo jepesi kuliko yote. Hutokea zaidi mtu anapotenganisha sauti na picha za DVD ili azihariri, kisha akaziunganisha tena. Ndani ya DVD, picha na sauti hukaa katika mafaili yenye kiambishi VOB, na kila kipande kimepigwa muhuri wa wakati unaoiambia deki kionyeshwe lini. Mara nyingi sauti haianzi sambamba kabisa na fremu ya kwanza. Zikitenganishwa, mihuri hupotea na tofauti hiyo husahaulika. Programu nyingi za kutenganisha huiandika kwenye jina la faili la sauti, kwa mfano hasi 66, zikimaanisha milisekunde. Watu hulifuta jina hilo kwa kuliona refu, na namba waliyoihitaji hupotea nalo.

Tiba ni kuisogeza sauti yote kwa kiasi kilichopimwa. Programu nyingi za kutengeneza DVD zina mahali pa kuingiza namba hiyo. Zisipokuwa nayo, Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, huongeza ukimya mwanzoni ikiwa sauti imetangulia, au hukata kipande cha mwanzo ikiwa imechelewa.

Pengo linalokua

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, na sababu ni kadhaa. Ukubwa wa pengo mara nyingi humtaja mkosaji.

Sababu ya kwanza ni fremu zilizopotea. Kompyuta inayonasa kanda hupokea fremu moja kila milisekunde 40. Ikishughulishwa na jambo lingine, kama programu ya kusaka virusi, au ikijipunguza kasi kwa sababu ya joto, baadhi ya fremu hupita bila kuandikwa, ilhali sauti huendelea kuandikwa yote. Fremu 25 zikipotea, picha imefupika kwa sekunde moja, na kuanzia hapo sauti itachelewa kwa sekunde hiyo. Alasiri ya Februari katika chumba chenye paa la mabati huko Magongo, joto si jambo dogo kwa laptopu. Mafundi wenye uzoefu hunasa usiku, hufunga programu zote, huzima intaneti na kuelekeza feni kwenye mashine. VirtualDub, programu ya zamani na ya bure, huonyesha idadi ya fremu zilizopotea wakati kunasa kunaendelea. Namba hiyo ikipanda mfululizo, ni afadhali kusimamisha kazi kuliko kuendelea kwa matumaini.

Sababu ya pili ni saa mbili tofauti. Vifaa vingine vya bei nafuu vya kunasia video kupitia USB huchukua picha tu, na sauti huingizwa kwa waya mwingine kwenye tundu la maikrofoni la laptopu. Hapo saa ya kifaa huhesabu fremu, na saa ya kadi ya sauti huhesabu sampuli. Kadi inayodai sampuli 48,000 huku ikitoa 48,005 huleta pengo la zaidi ya theluthi moja ya sekunde kwa kila saa, nalo kufikia mwisho wa kanda ya dakika 180 limepita sekunde moja. Dawa ni kifaa kinachonasa sauti na picha pamoja. Kamera ya MiniDV yenye tundu la kupokea picha kutoka nje hufanya kazi hiyo vizuri: deki ya VHS huunganishwa na kamera, na kamera huunganishwa na kompyuta.

Sababu ya tatu ni kiwango cha sampuli kusomwa vibaya. VCD, zilizojaa majumbani kabla ya DVD kuenea, hutumia sampuli 44,100 kwa sekunde. Kuhamishia VCD kwenye DVD kunahitaji sauti ihesabiwe upya kuwa 48,000. Programu ikibadilisha lebo tu bila kuhesabu upya, saa nzima ya sauti huisha kwa dakika 55 na sekunde 7, na sauti za waimbaji wote hupanda. Kosa hili ni rahisi kulitambua na rahisi kulitibu: mtu hurudi kwenye sauti ya asili na kuibadilisha kwa njia sahihi.

Ya nne ni mifumo ya nchi nyingine. Kanda ya harusi iliyotumwa na jamaa walioko Marekani au Kanada huwa ya NTSC, mfumo wa fremu 29.97 kwa sekunde. Filamu za sinema nazo huhifadhiwa mara nyingi kwa fremu 23.976. Filamu hizo zikiharakishwa hadi 25 ili ziendane na PAL, filamu ya saa mbili hufupika kwa karibu dakika tano, na sauti isipofupishwa vivyo hivyo huachwa nyuma tangu dakika ya kwanza. Ikifupishwa kwa kuharakishwa, hupanda kwa kiasi ambacho mpiga kinanda yeyote atakisikia. Kwa nyimbo, inafaa kutumia njia ya kubadilisha mwendo bila kugusa kimo cha sauti, ambayo Audacity inayo.

Ya tano ni ya siku hizi. Simu nyingi hazishiki kiwango kimoja cha fremu. Kwenye mwanga mzuri hurekodi fremu 30 kwa sekunde, na taa za ukumbi zikipunguzwa bibi harusi aingie, hushuka. Programu ya kutengeneza DVD inayodhani kiwango ni kimoja hupotea njia hapohapo. MediaInfo, programu ndogo ya kukagua mafaili, hueleza kama kiwango cha fremu kinabadilika. Kikiwa kinabadilika, video hupitishwa kwanza kwenye HandBrake, ambayo huipa kiwango thabiti cha 25, ndipo kazi nyingine ianze.

Mafaili ya AVI yenye sauti ya MP3 ya kiwango kinachopanda na kushuka yana ugonjwa wa aina hiyohiyo. Sauti hutolewa kwanza iwe WAV, faili la sauti lisilobanwa. Saa moja huchukua takriban megabaiti 690, kiasi ambacho flashi ya kawaida hubeba bila taabu.

Kurekebisha pengo linalokua

Swali la kwanza ni kama pengo linakua sawasawa. Pengo la mwisho likiwa sekunde 2, na la katikati sekunde 1, linakua sawasawa, na sauti yote inaweza kuvutwa au kubanwa. Kwa mfano, picha ya saa moja ina sekunde 3,600 na sauti yake ina 3,602. Kugawanya 3,600 kwa 3,602 huleta 0.99944. Sauti ikibanwa kufikia asilimia 99.944 ya urefu wake, zote huisha pamoja, na badiliko hilo ni dogo mno kusikika.

Pengo likikua kwa vishindo, dakika kumi zimenaswa vizuri, kumi zinazofuata zimevurugika, kubana sauti yote hakusaidii. Hapo kazi hukatwa vipande, na mahali pazuri pa kukata ni pale kamera ilipozimwa na kuwashwa: nikahi msikitini imekwisha, shamrashamra za ukumbini zinaanza. Kila kipande hupimwa na kusogezwa peke yake. Ni kazi ya kuchosha, na mara nyingi kunasa kanda upya ni haraka zaidi.

Kwa ufupi: pengo linalokua huzuiwa wakati wa kunasa. Kulitibu baadaye kunawezekana, lakini ni ghali kwa muda.

Ukungu na hewa ya bahari

Mashauri mengi ya kunasa kanda yameandikwa kwa nchi kavu na za baridi. Mwambao una adui wake. Unyevu wa Mombasa hukuza ukungu juu ya utepe wa VHS, hasa kanda zilizofungiwa kwenye sanduku la nguo au kabati lisilopitisha hewa. Huonekana kama vumbi jeupe kupitia kidirisha cha kanda. Mahali palipoliwa na ukungu, deki hushindwa kusoma ishara ya picha kwa sehemu ya sekunde. Televisheni ya zamani ilivumilia: picha ilitikisika na ikarudi. Kifaa cha kunasia hakivumilii. Kikikosa ishara safi huiruka fremu, sauti ikaendelea, na pengo likaongezeka kidogo. Kanda yenye madoa mia moja ya ukungu inaweza kuleta sekunde kadhaa za pengo hata kompyuta ikiwa ya kisasa.

Kanda ya namna hiyo haipaswi kuchezwa kabla ya kusafishwa, kwa sababu huchafua vichwa vya deki, navyo huuhamishia ukungu kwenye kanda inayofuata. Ikishasafishwa, husaidia kupitisha picha kwenye chombo kinachonyoosha ishara kabla haijafika kwenye kompyuta. Kuna mashine maalumu za kazi hiyo, na baadhi ya deki za S-VHS zina uwezo huo ndani. Wasio nazo hupitisha ishara kwenye rekoda ya DVD ya mezani, ambayo mara nyingi huinyoosha kwa kiasi cha kuridhisha.

Kanda za kupamba zinahitaji neno la ziada. Kupamba ni sherehe ya wanawake peke yao, na familia nyingi hazikubali kuziacha kanda hizo kwa fundi mwanamume, wala kwa studio yoyote. Hunaswa nyumbani, na binti wa nyumba, kwa kifaa kilichopatikana. Kwa kazi ya namna hiyo, kunasa kwa vipande vya dakika 20 hadi 30 ni busara kuliko kunasa saa tatu kwa mkupuo. Pengo halipati muda wa kukua, na stima ikikatika, hasara ni ya kipande kimoja.

Sauti inaporuka ghafla

Pengo la kuruka lina chanzo kimoja kati ya viwili. Cha kwanza ni maunganisho. Mafaili ya VOB hayazidi gigabaiti moja kila moja, hivyo DVD ndefu huwa na kadhaa. Yakigandishwa pamoja kwa kunakili tu, mihuri ya wakati huweza kugongana penye kiungo. Programu inayoelewa muundo wa DVD huisoma diski kama kazi moja na kuepuka tatizo.

Cha pili ni mikwaruzo. Kompyuta ikishindwa kusoma eneo fulani, baadhi ya programu huliruka, picha na sauti zikapoteza viwango tofauti. Diski husafishwa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha, kisha husomwa tena, ikibidi kwenye mashine nyingine. Mashine mbili hutofautiana sana katika kusoma diski iliyochoka.

Sheria nayo iguswe hapa. Yaliyoelezwa yanahusu kanda na diski za familia na kazi za mtengenezaji mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inakataza kuvunja kufuli za kiteknolojia zinazolinda kazi za wengine, na kunakili filamu za kuuza bila idhini ya mwenyewe ni kosa.

Kutengeneza na kuchoma

Kutengeneza DVD ni kupanga picha, sauti na menyu katika muundo ambao deki inauelewa. Deki ya DVD haimezi zaidi ya megabiti 10.08 kwa sekunde kwa picha na sauti pamoja, na picha peke yake isizidi 9.8. Anayepandisha ubora wa picha hadi ukomo, kisha akaweka sauti isiyobanwa inayokula megabiti 1.5, amevuka mpaka. Kwenye kompyuta diski hiyo hucheza vizuri, na kwenye deki ya sebuleni hukwama na sauti hupotea njia. Sauti iliyobanwa kwa mtindo wa AC3, unaojulikana pia kama Dolby Digital, hutosheka na sehemu ndogo tu ya nafasi hiyo. Kwa harusi ya saa tatu hakuna hiari: diski ya gigabaiti 4.7 huiachia picha na sauti pamoja wastani wa kama megabiti 3.5 tu kwa sekunde.

Kabla ya kuchoma diski za kugawa, faili lililokamilika hupimwa tena pale mahali patatu. Kisha diski moja huchomwa na kuchezwa kwenye deki ya zamani kuliko zote zinazopatikana mtaani. Diski ya kufutika hufaa kwa jaribio hili iwapo deki hiyo huisoma, kwani deki nyingine hazisomi diski za aina hiyo. Faili la kwanza lililonaswa kutoka kwenye kanda lisifutwe, hata likiwa na pengo, mpaka deki hiyo ya zamani imecheza diski hadi dakika ya mwisho. Na penye kanda ambayo ukungu umeula utepe hadi unga wa sumaku umebanduka, hakuna programu itakayorudisha fremu zisizokuwepo. Kinachowezekana ni kukata kipande hicho pande zote mbili, sauti na picha, ili kinachofuata kianze kikiwa sawa.